Ngoma ya Watoto: Nafasi ya Ngoma katika Uponyaji na Usuluhishi wa Migogoro Shuleni, Mfano wa Kitui na Makueni

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna ngoma inavyoweza kutumiwa shuleni ili kuwasaidia watoto kupona majeraha ya nafsi na kusuluhisha migogoro baina yao. Uchunguzi unajikita katika Kaunti za Kitui na Makueni nchini Kenya, mahali ambapo jamii ya Wakamba imerithi ngoma za tiba, za malezi na za kazi. Hoja kuu ni kwamba ngoma iliingia shuleni kupitia mlango wa mashindano, na kwa hiyo kazi yake ya uponyaji ikabaki nje ya lango. Makala yanapendekeza njia ya kuirejesha kazi hiyo na kuonyesha mipaka yake.

1.0 Utangulizi

Waswahili husema, ngoma ya watoto haikeshi. Methali hii hutumiwa kudunisha: jambo la watoto halina uzito wala halifiki mbali. Hata hivyo, mwalimu aliyewahi kukaa na watoto walionyamaza kwa huzuni, au waliogawanyika makundi mawili yasiyosalimiana, anajua kwamba jambo la watoto lina uzito wa kutosha. Mtoto aliyejeruhiwa hawezi kujifunza hisabati wala sarufi akatulia. Darasa lenye uhasama halifundishiki.

Kitui na Makueni ni kaunti mbili za eneo kame na nusu kame la mashariki mwa Kenya. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Kitui ilikuwa na watu 1,136,187 na Makueni watu 987,653. Wilaya ya Makueni ilimegwa kutoka Machakos mwaka 1992, na baada ya Katiba ya 2010 na uchaguzi wa 2013 zote mbili zikawa kaunti zenye serikali zake. Wakazi wengi ni Wakamba, na lugha ya nyumbani ni Kikamba, ilhali shuleni mtoto hukutana na Kiswahili na Kiingereza. Jambo hili la lugha lina uzito katika mjadala wetu, kwani mtoto mwenye kiwewe mara nyingi hukosa maneno hata katika lugha ya mamaye, sembuse lugha ya darasani.

2.0 Dhana ya Ngoma

Neno ngoma katika Kiswahili lina maana zaidi ya moja. Ngoma ni ala ya kupigwa. Ni mchezo wenyewe wa kuchezwa. Ni mkusanyiko wa watu waliokuja kuucheza. Na katika uganga wa pwani, ngoma ni matibabu ya mtu anayepungwa pepo. John Janzen, katika kitabu chake Ngoma kilichotolewa mwaka 1992, alionyesha kwamba mzizi huu wa neno, pamoja na taasisi ya uponyaji inayobebwa nao, umeenea katika jamii nyingi za Kibantu, kuanzia Afrika ya kati hadi kusini. Katika taasisi hiyo, mgonjwa hatengwi na watu. Huzungukwa na watu, huimbiwa, huitikia, na hatimaye yeye mwenyewe hucheza.

Vilevile, kitenzi kucheza hakitofautishi mchezo wa mtoto na ngoma ya mtu mzima. Mtoto hucheza kombolela na mamaye hucheza ngoma. Neno ni lilelile. Lugha yenyewe basi inatuonyesha kwamba mchezo, muziki, mwili na afya ni mambo yanayokaa pamoja. Ulimwengu wa Magharibi uliyatenganisha, kisha ukayarudia kwa njia ya kitaaluma: mwaka 1942 Marian Chace alianza kuwatibu wagonjwa wa akili kwa njia ya dansi katika hospitali ya St. Elizabeths, Washington, na mwaka 1966 kikaundwa chama cha Marekani cha watabibu wa fani hiyo. Yaliyokuwa mapya huko yalikuwa desturi huku.

3.0 Ngoma za Wakamba na Kazi Zake

Gerhard Lindblom, mwanaethnolojia wa Uswidi aliyefanya utafiti Ukambani katika miaka ya 1911 na 1912, na Paul Kavyu, aliyechapisha utangulizi wa muziki wa Wakamba mwaka 1977, wametuachia maelezo yanayoonyesha kwamba ngoma katika jamii hii hazikuwa za burudani tu. Kwa madhumuni ya makala haya, kazi tatu zinafaa kubainishwa.

Kazi ya kwanza ni tiba. Kilumi ni ngoma ambayo wachezaji wake wakuu ni wanawake wazima. Ilichezwa ili kuwatuliza aimu, yaani mizimu na pepo, na pia kuomba mvua wakati wa ukame. Mtu aliyesumbuliwa hakuulizwa tu anaumwa wapi. Alipigiwa ngoma, na mwili wake ukaachwa useme. Hata mtu asiyeamini kuwepo kwa aimu anaweza kuona utaratibu uliomo: dhiki ya mtu mmoja inatambuliwa hadharani, inapewa jina, inapewa muda na mahali, na jamii nzima inashiriki kuibeba.

Kazi ya pili ni malezi. Sherehe za nzaiko, zile ndogo na zile kubwa, ziliambatana na nyimbo, mafumbo na ngoma zilizowafundisha vijana adabu, wajibu na mipaka ya mwili. Kijana alijifunza kusubiri zamu yake, kufuata kiongozi na hatimaye kuongoza.

Kazi ya tatu ni ushirikiano. Vikundi vya kazi vinavyoitwa mwethya viliimba na kucheza vikilima na vikichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kitabu cha Tiffen, Mortimore na Gichuki cha mwaka 1994, kinachosimulia namna ardhi ya Machakos, wakati huo pamoja na Makueni, ilivyookolewa, kimeonyesha mchango mkubwa wa vikundi hivyo. Wimbo ulipanga mapigo ya jembe, na watu waliokuwa na kinyongo asubuhi walijikuta wakiinua mikono pamoja adhuhuri.

Historia inaonyesha pia kwamba watawala waliihofia nguvu hii. Mwaka 1911 wimbi la kucheza na kupandwa na pepo lilienea Ukambani, likihusishwa na mwanamke aitwaye Siotune wa Kathuke na mwenzake Kiamba. Serikali ya kikoloni iliona ndani yake uasi, ikawapeleka viongozi hao uhamishoni. Ngoma iliyomponya mtu iliweza pia kumpa ujasiri wa kukataa kuonewa.

4.0 Majeraha na Migogoro ya Mtoto wa Shule

Mtoto wa Kitui au Makueni hubeba nini anapoingia darasani? Jibu la kwanza ni njaa na kumbukumbu ya njaa. Wakamba huipa miaka ya ukame majina. Ukame wa mwaka 1984 uliitwa Nikw'a ngwete, yaani ninakufa nikiwa nimeshika, kwa kuwa fedha zilikuwepo mkononi ila chakula cha kununua hakikuwepo. Ukame mkali ulirudi mwaka 2009, na tena kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023. Njaa huleta ugomvi wa nyumbani, baba kuhamia mjini kutafuta kazi, na mtoto kuachwa na nyanya.

Jibu la pili ni uyatima. Barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa hupitia Makueni, na miji yake ya mapumziko ya malori, kama vile Salama, Emali, Kibwezi na Mtito Andei, iliguswa sana na janga la UKIMWI. Huko Kwa Vonza, Kitui, kulianzishwa Kijiji cha Nyumbani mwaka 2006, kutokana na juhudi za Padri Angelo D'Agostino, Mjesuti aliyekuwa pia daktari wa magonjwa ya akili. Humo mayatima huishi na wazee waliopoteza watoto wao, na kila nyanya au babu hulea kundi la watoto kama familia moja. Mpango huo unakiri jambo muhimu: mtoto aliyefiwa anahitaji chakula na shule, lakini pia anahitaji mzee wa kumrithisha hadithi, wimbo na ngoma.

Jibu la tatu ni uhasama baina ya jamii. Katika maeneo ya mashariki na kusini mwa Kitui, kama vile Mutha, pamekuwa na mapigano ya mara kwa mara baina ya wakulima Wakamba na wafugaji wa ngamia wanaotoka kaunti jirani kutafuta maji na malisho. Watu wameuawa, familia zimehama, na masomo yamekatizwa. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Na nyasi hapa ni mtoto anayesikia milio ya risasi usiku na kuulizwa asubuhi kazi ya ziada iko wapi.

Jibu la nne ni migogoro ya shule yenyewe: unyanyasaji wa wanafunzi wadogo, migomo na uchomaji wa mabweni. Mnamo Machi 2001, katika shule ya upili ya Kyanguli, Machakos, jirani na Makueni, moto uliteketeza bweni na kuua wanafunzi 67. Mwaka huohuo jopo lililoongozwa na Naomi Wangai lilichunguza utovu wa nidhamu na vurugu shuleni. Mwaka 2016 wimbi jingine la moto lilizikumba shule zaidi ya 100 nchini. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikathibitisha katazo hilo. Mwalimu alinyang'anywa kiboko, na ilikuwa haki; lakini mara nyingi hakupewa kitu mahali pake. Pengo hilo ndilo makala haya yanalolitazama.

5.0 Namna Ngoma Inavyofanya Kazi

Ni nini hasa hutokea watoto wanapocheza pamoja? Mambo manne yanaweza kutajwa.

Kwanza, mwili hutulia. Mtoto mwenye kiwewe huishi katika tahadhari: pumzi fupi, mabega yaliyokazwa, usingizi wa mang'amung'amu. Mdundo wa kurudiarudia humpa jambo analoweza kulitabiri. Anajua pigo lijalo litakuja, na linakuja. Kwa mtoto ambaye maisha yamemvunjia kila ahadi, hilo si jambo dogo.

Pili, mwili husema pasipo maneno. Kumtaka mtoto asimulie aliyoyaona kunaweza kumrudisha kwenye kitisho chenyewe. Katika ngoma, anaweza kuonyesha hofu kwa hatua na hasira kwa kishindo, bila kulazimika kueleza ni nani alimfanyia nini.

Tatu, mapigo ya pamoja huzaa ushirika. Mwanahistoria William McNeill, katika kitabu cha mwaka 1995, alidai kwamba kucheza na kutembea kwa pamoja ni miongoni mwa nguvu zilizounganisha makundi ya binadamu tangu kale. Mwaka 2010 Kirschner na Tomasello walichapisha jaribio lililofanywa kwa watoto wa miaka 4 nchini Ujerumani. Watoto walioimba na kucheza pamoja walisaidiana na kushirikiana baadaye kuliko wenzao walioshiriki mchezo wa namna hiyohiyo usio na muziki.

Nne, ngoma hugawa majukumu. Yuko mwimbishaji na wako waitikiaji. Yuko anayeingia katikati na wako wanaompigia makofi. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanaufahamu uhusiano huu wa fanani na hadhira. Uzuri wake ni kwamba hadhira ya leo ndiyo fanani ya kesho. Mnyanyasaji hulazimika kumwitikia aliyemnyanyasa.

Mfano mashuhuri wa Afrika Mashariki ni wa shule ya msingi ya Patongo, kaskazini mwa Uganda. Watoto wa Kiacholi waliokuwa wakiishi katika kambi ya wakimbizi wa ndani, wengi wao wakiwa wamefiwa au wamewahi kutekwa na waasi wa LRA, walijiandaa kwa mashindano ya kitaifa ya muziki yaliyofanyika Kampala mwaka 2005. Miongoni mwa ngoma zao ilikuwa Bwola, ngoma ya kifalme ya Waacholi. Filamu ya War/Dance ya mwaka 2007 iliwaonyesha watoto hao wakijitambua upya: si mayatima wa vita tu, bali warithi wa ngoma. Vita havikumalizwa na ngoma. Lakini ngoma iliwapa watoto nafasi ya kuwa kitu kingine zaidi ya kilichowapata.

6.0 Vikwazo: Kikombe na Kanisa

Ngoma si ngeni katika shule za Kitui na Makueni. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, na tamasha la drama la shule na vyuo, lililoanza mwaka 1959, yameipa ngoma heshima na kuihifadhi. Tangu mwaka 2019 mtaala wa umilisi umeipa sanaa nafasi rasmi darasani. Hata hivyo, tamasha lina mantiki yake. Mwalimu huchagua wachezaji bora na kuwaacha wengine. Mtoto mzito wa mwili, mwenye kigugumizi, au aliyekosa mazoezi kwa sababu alikwenda kuteka maji, huachwa nje. Yamkini ndiye aliyeihitaji ngoma kuliko wote. Aidha, kosa hukemewa, kwa kuwa kosa hupunguza alama.

Mashindano si maovu yenyewe. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu beni, alionyesha jinsi vyama vya ngoma vya pwani vilivyoshindana kwa mavazi, paredi na majigambo. Mashindano ya ngoma yanaweza kuupa uhasama njia isiyomwaga damu. Lakini pia yanaweza kuuchochea. Tofauti hutegemea kanuni na usimamizi. Shule inayotaka kuponya haina budi kutenga ngoma ya kikombe na ngoma ya mduara, na kutokubali ya kwanza imeze ya pili.

Kikwazo cha pili ni cha imani. Wamisionari wa African Inland Mission walifungua kituo chao cha kwanza Nzaui, katika Makueni ya leo, mwaka 1895. Wao na warithi wao walizikataza ngoma za Wakamba, wakiziona kuwa za kishetani au za uasherati, na waumini wengi hadi leo huzitazama kwa shaka, hususan kilumi. Mzazi anayesema hataki mwanawe achezeshwe ngoma ya pepo ana haki ya kusikilizwa, na Katiba inalinda uhuru wake wa imani. Hapana haja ya kuipeleka kilumi darasani. Kinachofaa kuchukuliwa ni umbo lake: mduara, mwito na kiitikio, na mgonjwa kuzungukwa na wenzake. Nyimbo zinaweza kuwa za kazi, za michezo ya watoto au za kutungwa na wanafunzi wenyewe. Wazazi waalikwe kutazama kabla ya mashaka kugeuka uvumi.

7.0 Kielelezo cha Kipindi

Kielelezo kifuatacho kinafaa kwa kipindi cha dakika 35, mara moja kwa wiki, kwa muhula mzima. Chukulia mfano wa kufikirika wa darasa lililogawanyika baada ya wanafunzi wawili kupigania mtungi kwenye tangi la maji, ugomvi ambao umeingiza majina ya koo na vijiji vyao.

Hatua ya kwanza (dakika 5): Mduara. Wanafunzi wote husimama, mwalimu akiwa mmoja wao. Kila mmoja hutaja jina lake na kutoa mwondoko mmoja, wote humwigiza. Hakuna anayechekwa. Asiyetaka kucheza hupiga makofi.

Hatua ya pili (dakika 10): Mwito na kiitikio. Wimbo mfupi wa kazi huimbwa. Uongozi hupokezanwa, na mwalimu huhakikisha kwamba viongozi wanatoka pande zote mbili.

Hatua ya tatu (dakika 10): Kioo. Wanafunzi hupangwa wawili wawili. Mmoja hutembea polepole na mwenzake humfuata kama kivuli, kisha hubadilishana. Waliogombana wasilazimishwe kuwa pamoja wiki ya kwanza. Katika wiki za baadaye, kikundi hutunga mchezo wa hatua unaoonyesha foleni ya maji: kusukumana, kuanguka, kunyamaza, kisha njia tatu tofauti za kumaliza. Wahusika wawe wa kubuni, wala asiigizwe mtu aliyepo.

Hatua ya nne (dakika 10): Kutulia na kusema. Mdundo hupungua, watoto huketi. Huulizwa maswali mepesi: Ni wakati gani ulikuwa rahisi kumfuata mwenzako? Foleni ingepangwaje? Wajibu kwa lugha wanayoipenda, Kikamba au Kiswahili. Hatimaye darasa hukubaliana jambo moja la kutenda, kwa mfano zamu ya kuteka maji, na kuliandika ubaoni.

Hatua hii ya mwisho ndiyo inayounganisha ngoma na usuluhishi. Ngoma huwaandaa watoto kusikilizana, lakini haipangi zamu. Mgogoro wa maji huisha maji yanapogawanywa kwa haki.

8.0 Mipaka na Tahadhari

Ngoma haichukui nafasi ya haki. Mtoto aliyedhulumiwa kimwili au kingono hafai kupatanishwa na mdhalimu wake kwa mduara na makofi. Kifungu cha 53 cha Katiba na Sheria ya Watoto ya 2022 zinataka alindwe, na Waraka Nambari 3 wa mwaka 2010 wa Tume ya Huduma za Walimu unahusu wajibu wa kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma ya kingono. Nambari ya simu ya msaada kwa watoto ni 116. Mwalimu akiona katika ngoma ishara za dhuluma, asijifanye mganga. Apeleke taarifa panapohusika.

Tahadhari ya pili ni kuhusu mwili. Baadhi ya ngoma za asili zilikuwa za vijana waliokaribia kuoa na kuolewa, na miondoko yake haifai kwa watoto. Mguso wowote uwe wa hiari. Tahadhari ya tatu ni kuhusu mtoto anayelia au kuganda katikati ya ngoma: asisukumwe wala asizungukwe na maswali, bali aketi na mtu mzima anayemwamini, na ikibidi apelekwe kwa mshauri nasaha au hospitalini. Tahadhari ya nne ni dhidi ya ukabila: mahali ambapo watoto wa wakulima na wa wafugaji husoma pamoja, ngoma ya upande mmoja pekee huwa tangazo la ushindi. Kila upande ulete wimbo wake, na kila upande ujifunze wa mwenzake.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Wakamba wa Kitui na Makueni walikuwa na ngoma za tiba, za malezi na za ushirikiano kabla ya kuwa na shule. Kwamba shule iliikataza ngoma, kisha ikaipokea kwa ajili ya kikombe. Na kwamba mahitaji ya mtoto wa leo, aliyezongwa na ukame, uyatima na uhasama, yanadai irudishiwe kazi yake ya awali. Gharama yake si kubwa: uwanja, wimbo, makofi, na mwalimu aliye tayari kusimama ndani ya mduara badala ya mbele yake. Wanafunzi wa Kiswahili na fasihi simulizi wanaokwenda mazoezi ya kufundisha katika shule hizi wana nafasi ya kulijaribu jambo hili, kurekodi nyimbo kwa idhini ya wenyewe, na kuandika kwa uaminifu yaliyofaulu na yaliyoshindikana. Ngoma ya watoto haikeshi, ni kweli. Nayo haihitaji kukesha, ikiwa itawawezesha kurudi darasani wakiwa wanasalimiana.